Tonge Moja Kando ya Simbi

Karatasi yangu ilikuwa na mahali patatu pa kutembelea: maduka ya kale ya Wahindi, msikiti mkongwe na ziwa dogo la Simbi. Meli iliyotuleta mimi na Mama Kendu Bay kutoka Kisumu ilikuwa imeendelea hadi Homa Bay, na ingepita kutuchukua saa tisa. Kesho yake ningeanza kazi yangu ya kwanza. Karani mkuu alikuwa ameniambia kwamba anayechelewa siku ya kwanza asijisumbue kuja ya pili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kazi hazikuwa za kuokotwa.

Mama ndiye aliyeitaka safari. Alikuwa Mluhya, akiuza mboga soko la Kibuye, Kisumu, na wateja wake Wajaluo walikuwa wamemsimulia kisa cha Simbi kwa miaka. Bibi mmoja mchovu alifika kwenye sherehe ya pombe akaomba mahali pa kukaa, wakamfukuza. Usiku maji yakapanda, kijiji kikazama. Akapona mwanamke mmoja tu, yule aliyemkaribisha.

Madukani nilikawia mno, nikinakili majina yaliyochongwa juu ya milango. Tukaahirisha msikiti, tukatembea karibu saa nzima kwa miguu hadi Simbi.

Tulipanda tuta, na ghafla ziwa likawa chini yetu. Duara kamili, kijani kizito kama mboga ya mrenda iliyopikwa, lenye harufu ya magadi. Ziwa kubwa, lile tulilovuka kwa meli, lilikuwa hapo karibu likimeta kwa mawimbi. Hili halikutikisika hata kidogo. Nilitaka kupima upana wake kwa hatua, nikashindwa hata kuanza. Mama alivua viatu.

"Wako humo," alisema kwa sauti ya chini. "Na vyungu vyao."

Mwanamke aliyekuwa akipalilia mtama karibu nasi akatuita tukale. Nilitazama saa: saa nane kasoro dakika chache.

"Asante, mama," nilimjibu. "Tumeshiba, tunawahi meli."

Akaacha jembe. "Mmeshiba? Umesimama hapo, hapo hasa, na unakataa chakula?" Akamgeukia mama yangu. "Mama, huyu wako amesoma, lakini hakuambiwa haya maji yalitoka wapi!"

Mama alinifinya mkono. "Nani amekutuma ushibe? Onja."

Tukaingia kwake. Ugali baridi wa mtama, na omena, vile vidagaa vya ziwani. Tonge moja mimi, tonge moja Mama. Mwenyeji akapiga makofi. "Basi! Sasa kimbieni, msinilaumu!"

Tulikimbia. Mama alibeba viatu mkononi, akinipita kwenye mteremko. Honi ya meli ililia tukiwa bado madukani, na tulipanda wanaume wakiwa tayari wameshika kamba za kufungulia.

Msikiti niliuona kutoka melini, ukipungua. Nilitoa karatasi niufute.

"Acha," alisema Mama, akihema. "Huo bado tunadaiwa. Tutarudi." Kisha akanusa vidole vyake, vilivyobaki na harufu ya omena, akatazama kule Simbi, ambako hakukuonekana chochote ila tuta.