Kiingereza Kisicho na Tundu

Edwige Wattel hakuwa mtu wa kukaa. Tangu kiwanda cha lesi kifungwe mwezi Februari, alikuwa anazunguka nyumbani kwake pale Calais kama mtu aliyepoteza funguo. Anafungua dirisha, analifunga. Anachemsha kahawa, anaisahau. Anatoka hadi gatini kuangalia meli za kwenda Uingereza zikigeuka, anarudi kabla hazijamaliza kugeuka.

Alikuwa na miaka hamsini na tatu, mjane, na kwa miaka ishirini na saba alikuwa amefanya kazi moja tu. Alikaa mbele ya meza ya kioo iliyowashwa taa kwa chini, akapitisha lesi machoni mwake kidogo kidogo, akatafuta matundu yaliyoachwa na mtambo, akayashona kwa sindano hadi mwenyewe asijue yalikuwa wapi. Ile mitambo yetu ni mizee kuliko babu zetu, na hukosea kila siku. Kazi ya Edwige ilikuwa kuhakikisha kosa halitoki mlangoni.

Sasa mjini palibaki kazi moja ambayo mwanamke wa umri wake angeweza kuitamani: kaunta ya abiria bandarini, kwenye kampuni fulani ya meli. Walitaka watu wazima, wenye utulivu, wanaoweza kuongea Kiingereza. Usaili ulikuwa tarehe kumi na mbili Juni. Akiikosa, binti yake wa Lille alishamwandalia kichumba nyuma ya jiko, na kauli alishaitoa: "Mama, nyumba utapangisha, uje kwetu utusaidie na watoto." Edwige aliwapenda wajukuu zake, tena sana. Lakini akifikiria kuomba ruhusa ya kufungua dirisha katika nyumba ya mkwewe, pumzi zilimwishia.

Basi akajiandikisha darasa la Kiingereza katika ukumbi wa mtaa, Jumanne na Alhamisi alasiri, kwa mwalimu Lecocq. Huyu alikuwa mstaafu aliyestaafu kila kitu isipokuwa kalamu nyekundu. Watu wazima wenye wajukuu aliwapa alama, ukomo ishirini, na hakuna aliyewahi kuvuka kumi na tatu. Usimlaumu. Sisi Wafaransa ndivyo tulivyolelewa: mtoto akinyoosha mkono awe na hakika, maana akikosea darasa zima litajua. Ndiyo maana tunasoma Kiingereza miaka saba shuleni, halafu Mwingereza akituuliza njia ya kwenda posta, tunamwonyesha kwa kidole.

Kwa Edwige mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu ugonjwa wa shule ulikutana na ugonjwa wa kazi. Sentensi alikuwa haimalizi.

"Bi Wattel, jana ulifanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Jana mimi enda soko... hapana. Jana nimeenda... samahani, mwalimu. Jana mimi nilikuwa..."

"Shoga, soko litafungwa hujafika!" alisema Josiane kutoka nyuma. Josiane alikuwa akizungusha nyuzi kiwandani, na darasani alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kuota joto la bure.

Darasa likacheka. Edwige akacheka nao, lakini masikio yalimuwaka. Kila alipofungua mdomo aliliona tundu, na akishaliona hakuweza kulipita, sharti arudi. Akirudi alikutana na lingine. Mwisho alikaa kimya, mguu ukimchezacheza chini ya meza.

Mwezi Aprili Lecocq aligawa karatasi. Zilikuwa methali arobaini za Kiingereza juu ya dhiki na masaibu, na mkabala wa kila moja mwenzake wa Kifaransa. "Mwingereza akipatwa na balaa halii," mwalimu alieleza, akijisikia. "Anatoa methali, anakunywa chai yake, yamekwisha."

Edwige alizisoma akahisi mtu amemfungulia mlango. Hapa palikuwa na maneno yaliyokwisha shonwa! Taifa zima lilikuwa limeyatafuna karne kwa karne, hayakubaki na tundu hata moja. Alizikariri akimenya viazi, akipanda ngazi, akipanga foleni kwa mwoka mikate. Ya wingu lenye ukingo wa fedha, ya maziwa yakimwagika usilie, ya mvua, ya upepo, ile ya tunda chachu kugeuzwa sharubati. Kufikia Mei ulikuwa huwezi kumuuliza kitu kwa Kiingereza asikujibu kwa methali, tena kwa kasi, kama mashine ya kukatia tikiti. Lecocq akampa kumi na tano. Darasa zima liligeuka kumtazama.

Josiane peke yake hakupendezwa. Walikuwa wamesimama kwenye kibanda cha chipsi, uwanja wa soko, kila mmoja na pakiti yake.

"Unaongea kama kalenda ya jikoni," alisema.

"Hazina kosa, Josiane. Hata moja."

"Najua hazina kosa. Na wewe humo ndani uko wapi?"

"Mimi natafuta kazi, sijitafuti mimi."

"Haya, bibi wee. Ikiajiriwa hiyo kalenda, nitakuja kukutundika ukutani." Akamwibia chipsi moja, na Edwige hakuona, alikuwa anarudia ya thelathini na mbili midomo ikimcheza.

Tarehe kumi na mbili alifika bandarini saa nzima kabla ya wakati. Aliuzunguka uwanja wa magari mara nne. Alikaa kwenye kiti cha mapokezi, akainuka, akasoma bango la maboya, akakaa tena. Saa nne kamili akaitwa ndani.

Aliyemsaili alikuwa Bi Pickersgill, Mwingereza wa Dover, nywele fupi za mvi, miwani imening'inia kwenye kamba shingoni. Alikuwa na uso wa mtu asiye na haraka. Alimwomba Edwige amweleze, kwa Kiingereza, wakati mgumu aliowahi kuupitia na jinsi alivyoupita.

Edwige akaanza. Akatoa ya wingu. Akatoa ya upepo. Akaunganisha na ya mvua, akamalizia na ile ya tunda, bila kukwama, bila kurudi nyuma. Alijisikia mwepesi. Kisha akagundua kwamba mwanamke yule hakuwa ameandika neno.

"Bi Wattel," alisema Bi Pickersgill taratibu, "nimemsikia bibi yangu mzaa mama, na Mungu amrehemu. Wewe bado sijakusikia."

Edwige alikiona kile kichumba nyuma ya jiko, hata rangi ya pazia lake.

"Tujaribu kingine," mwanamke aliendelea. "Mimi ni abiria. Meli ya mwisho ya leo imefutwa kwa sababu ya upepo. Mama yangu anazikwa kesho asubuhi Dover. Wewe uko kaunta." Akaegemeza viwiko mezani, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika. Aliigiza vizuri mno.

Methali zilikuwepo, tatu, zimejipanga. Ya maziwa ilishafika mdomoni. Na papo hapo Edwige akakumbuka mazishi ya mumewe. Mkurugenzi wa kiwanda alikuwa amemshika mkono akamwambia maneno mazuri ya wahenga, yamenyooka, hayana doa, na yeye alitamani kumng'ata ule mkono. Aliyemsaidia siku ile alikuwa Josiane, aliyekuja na sufuria ya supu, akakaa jikoni akibabaika maneno yasiyo na kichwa wala miguu mpaka jioni.

Akaimeza ya maziwa.

"Mama," alisema. "Kaa. Wewe kaa hapa. Mimi pole, pole sana. Leo meli hapana, upepo kubwa. Kesho alfajiri iko moja. Mimi sema na bosi sasa, wewe panda wa kwanza. Simu iko? Piga nyumbani, wao ngoja wewe. Chai mimi leta. Mimi hapana enda, mimi hapa na wewe mpaka meli."

Matundu yalipita mbele ya macho yake moja baada ya jingine, makubwa, ya aibu. Vidole vyake juu ya magoti vilikuwa vinatafuta sindano. Ilimuuma kweli, kama kuona kitambaa kibovu kinafungwa na kupelekwa kwa mteja. Lakini hakurudi. Alisogeza kiti chake, akaweka mkono juu ya kiwiko cha yule mwanamke, akabaki hapo.

Bi Pickersgill alikaa vile muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akainua uso, akavaa miwani, akaandika mstari mmoja.

"Utaanza tarehe mosi," alisema. "Sare utapewa."

Edwige alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitaka kushukuru na hakukumbuka inavyosemwa. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango yule mwanamke alipomwita.

"Unajua kwamba umefanya makosa?"

"Tisa," alijibu Edwige. "Mimi jua yote. Jua wapi."

"Sasa mbona hukurudi kuyasahihisha?"

Edwige akamtazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyeuliza swali la kitoto.

"Mama iko lia," alisema.