Ubani wa Ziara

Juzi nilipita Bigwa nikakuta vijana wanafanya mazoezi ya tarumbeta, wanarudia kipande kimoja mpaka mbwa wakachoka kubweka. Nikamkumbuka dada yangu Mwajuma.

Alasiri moja, mimi nikiwa bado mtoto mdogo, alirudi midomo imemvimba kwa kupuliza, akamwambia mama kabla hata ya kukaa, “Bendi yetu inakwenda ziara Ujerumani. Na mimi nakwenda.”

Mama alikuwa anapepeta mchele. “Huendi.”

“Nakwenda, mama.”

Ungo uliendelea, chwa, chwa. Mimi nilishangaa jambo jingine. Kwetu ziara ilikuwa moja tu: kwenda Mkuyuni kwenye kaburi la babu, kusoma dua huku moshi wa ubani ukituchoma macho. Nikauliza, “Kwani huko Ujerumani kafa nani?”

Dada alikwenda na tarumbeta yake nyuma ya banda la kuku, akaanza kile kipande kilichokuwa kinamshinda. Akakosea, akarudia. Akakosea tena, akarudia. Kivuli cha mlima kikafika uani naye bado anapuliza.

Ndipo mama akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na ubani aliouviringisha kwenye kitambaa.

“Mpelekee dada yako,” akaniambia. “Mwambie ziara haiendwi mikono mitupu.”

Nilikimbia nikampa na kumweleza. Dada aliunusa ule ubani, akakaa chini, akalia kwa kwikwi. Nami nikajua kwa hakika kwamba huyo marehemu wa Ujerumani alikuwa mtu wetu wa karibu sana.