Mjamzito wa Karakana

Mume wangu ni fundi wa milango. Nasema "ni", sisemi "alikuwa", na anayetaka kunisahihisha aje tuonane. Milango yake haikwaruzi sakafu wala haisukumwi kwa bega. Mlango mbovu uko nyumbani kwetu tu, maana huo ulikuwa unangoja siku ambayo wateja wamekwisha, na siku hiyo haikufika.

Kazi aliifanyia kwenye karakana ya kaka yake. Shemeji yangu huyo ana mdomo. Unaingia pale na jina ulilopewa na wazazi, unatoka na jingine. Yupo Koleo kwa sababu ya miguu yake, yupo Redio kwa sababu hazimiki. Mume wangu peke yake hakuwa na jina, mpaka siku alipoweka randa chini akashika tumbo. "Kaka," akasema, "mgongo unaniuma, halafu kuna kitu kinacheza humu tumboni."

Kinacheza. Angesema kinadunda, au kinagonga, leo ningekuwa na habari nyingine. Lakini kinachocheza tumboni kila mtu anajua ni nini. Shemeji aliacha msumeno, akamwekea sikio kitovuni mbele ya mafundi wote, akauliza, "Miezi mingapi?"

Basi, akawa Mjamzito. Akiinua fremu nzito, utasikia, "Mpokeeni, asije akajifungulia kwenye maranda." Hata wateja wakalishika. Mimi nililisikia nikadhani ni la kitambi, nikacheka nao. Yeye alicheka pia, ila nyumbani aliacha kuvua shati mbele yangu.

Mgongo ulipozidi nilimburuta zahanati. Daktari akauliza, "Zaidi ya mgongo, kuna kingine?" Akajibu hakuna. Tukarudi na dawa za maumivu na onyo la kutobeba vizito, naye kesho yake akabeba mlango kama kawaida. Haukupita muda akaanguka nao.

Hospitali kubwa walimpasua wakamrudisha duniani. Daktari wa upasuaji, mama mmoja asiye na haraka, alinieleza hivi: mshipa mkubwa wa damu unaopita tumboni ulikuwa umevimba. Kila moyo ulipopiga, nao uligonga mifupa ya mgongo iliyo nyuma yake, ukaimomonyoa kidogo kidogo, mwisho ukapasuka. Uti wa mgongo ukakosa damu. "Maisha tumeyaokoa," akasema. "Miguu imetushinda." Kisha akamgeukia mume wangu. "Hukuwahi kusikia kitu kikidunda tumboni?"

Mume wangu akatazama ukuta. "Kilikuwa kinacheza," akasema. "Niliona aibu."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wa kwetu ulitumbuka damu.

Daktari akaongeza kwamba ugonjwa huu hupenda kufuata ndugu, hasa wavuta sigara, na kama ana kaka aje apimwe mapema. "Mwambie kaka," mume wangu akanituma. Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Wala sikusahau, nieleweke vizuri. Shemeji alikuwa akija na matunda, anavuta sigara yake mlangoni, anasema mambo yote ni mipango ya Mungu, nami namkaribisha chai huku namwangalia kiuno. Nilitaka aumwe. Nilitaka alazwe ubavuni mwa mdogo wake, niwe nawageuza wote wawili, na mimi nichague nani aanze.

"Umemwambia?" mume wangu akauliza tena.

"Bado."

"Mke wangu, damu nzito kuliko maji."

"Uzito wa damu yenu naujua," nikamjibu. "Mashuka nafua mimi."

Siku nyingine nikaenda karakana kuchukua randa yake, ameitaka awe nayo karibu. Nikamkuta shemeji ameegemea benchi, mkono mmoja kiunoni, uso umemkauka.

"Vipi, shemeji?"

"Mgongo tu. Uzee."

"Mgongo tu?"

Akawatupia jicho mafundi wake, kisha akainamisha kichwa. Jicho lile nililijua. Mume wangu alikuwa nalo zahanati. Mimi ningeaga tu nikaenda zangu, ile aibu ingemmaliza bila mimi kunyanyua kidole, na nakiri nilipiga hatua moja kuelekea mlangoni.

Lakini hicho kingekuwa kisasi cha kimya, na jina la mume wangu halikutolewa kimyakimya. Nikarudi.

"Koleo, zima mashine," nikasema. Ikazimwa. "Shemeji, tumboni kuna nini?"

"Kuna kitu kama… kinadunda."

"Sivyo alivyosema mdogo wako. Sema kama alivyosema, nami nitakwambia alichosema daktari."

Jasho lilimtoka. Redio akaweka nyundo chini, akasogea.

"Kinacheza," shemeji akasema.

Nikaweka kiganja changu kitovuni pake. Kilikuwa kinacheza kweli.

"Hongera," nikamwambia. "Miezi mingapi?"

Hakuna fundi aliyecheka. Nikachukua randa ya mume wangu, nikaifuta vumbi taratibu, upande huu na upande ule, ndipo nikamwambia aende hospitali.