Ua Lenye Wekundu Mgongoni

Jana, njiani kuelekea msituni, niliona yale maua meupe nikayageuza, kama dada alivyonifundisha. Lililo jeupe kote ni la kuchezea. Lenye wekundu mgongoni ni dawa.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, nyumbani kulinuka pombe ya mbege na majani ya migomba yaliyokanyagwa. Nilimwona dada akilia, amebebwa mgongoni na mwanamume nisiyemjua. Sikujua kwamba kwetu bibi harusi hubebwa hivyo. Nikadhani anaumwa, nikakimbilia ukingo wa msitu, nikageuza maua mpaka nikapata lenye wekundu.

Niliporudi walikuwa wameshaondoka.

“Haumwi, mwanangu,” mama alicheka huku akifuta macho. “Ameolewa.”

“Sasa dawa nimpe nani?”

Mama aliacha kucheka, akanyoosha kiganja.

“Nipe mimi.”