Bibi yangu alichagula haut-parleur, akataja jina ya jirani

Weye mwenye kutengeneza hii ukurasa, maneno yangu uyachapishe, jina yangu ubakie nayo. Mimi ni mwanaume wa miaka makumi tatu na munane, fundi wa mbao, niko na bibi na batoto bane, tunakaa hapa Lubumbashi. Hakuna muntu alinishika mukono. Nilianza na kufagia vumbi ya mbao mu atelier ya bengine. Leo niko na atelier yangu na banaume batatu benye kutumika chini yangu. Naandika ile juu musifikiri ni muntu wa muchezo njo analalamika.

Kitu yenye inaniumiza ni haut-parleur mbili, zile spika za kutosha sauti ya muziki.

Ya kwanza ni yangu. Muzungu mumoja wa mutaa ya Makomeno, mbele ya kurudia kwabo, aliniachia pick-up ya kuzungushia ma-disque za muziki, ampli ya kuipatia sauti nguvu, na haut-parleur ya duara ya sentimita makumi tatu, haina sanduku. Sanduku nikaijenga mwenyewe na mbao ya mulombwa: urefu sentimita makumi tisa, upana makumi sita, kwenda ndani makumi ine. Pigeni hesabu: litre mia mbili na kumi na sita ya hewa. Ndani nilipanga pamba ya godoro. Nikiifungula, ngoma inakupiga mu kifua, na sauti inafika mpaka ku bomba ya maji, hatua mia moja na makumi mbili. Nilizihesabu.

Ya pili ni ya jirani, nimuite Célestin, muntu wa Kasai, karani mu magasin, duka ya ma-disque kule mu ville. Muntu wa shati nyeupe na sauti ya chini, ananiita yaya, sawa kaka yake mukubwa. Yake ilitoka Ulaya, kasanduku ka litre makumi mbili na tano. Yangu inaweza kuimeza mara munane na nafasi ingali iko.

Lakini kila dimanche, siku ya jumapili, bibi yangu alibeba kiti yake, akaenda kusikiliza kwa bibi ya Célestin. Siku moja nikamufuata, nikamuuliza mbele ya banamuke bote: «Kwetu kunakosa nini?»

Akacheka. «Baba Régine, ya kwako inasemesha njia nzima. Hii inanisemesha miye.»

Mama mumoja akaongeza: «Ya fundi iko muzuri ya kufukuza nyani mu shamba!» Bakapasuka. Célestin hakucheka, akanipatia kiti. Ile kiti njo iliniuma zaidi.

Kisha mambo ya hii Katanga yetu ikakuwa nguvu kwa bantu ba Kasai, bakaanza kufukuzwa mu manyumba. Célestin akabeba bibi yake na batoto babili, bakaenda kulala mu tente, mu kambi ya ba-réfugiés, bakimbizi benzabo. Mbele ya kuondoka alinipatia kasanduku yake na mikono mbili. «Yaya, kule mvua itaiua. Uniwekee.» Nikamuambia: «Iko kwa ndugu yako.» Na ndani ya moyo nilifurahi vile anaondoka. Ni haya kubwa, lakini nilifurahi.

Nilifurahi bure. Bibi yangu akafunga kasanduku ile ku ampli yangu. Kila asubui anaipanguza na kitambaa. Juu ya yangu anaweka nguo za kupiga pasi.

Juma iliyopita ndugu ya Célestin akatufikia: bamepata nafasi mu treni ya kwenda Kasai, samedi, jumamosi ya mwisho ya mwezi, atakuja kuchukua sanduku. Alipotoka tu, tukiwa tunakula bukari, ugali yetu, bibi yangu akasema: «Baba Régine, si tumupatie ya kwako? Iko kubwa, mbao ya nguvu, ataona faida. Siye tubakie na yake.» Hakuwa anacheka.

Nikasukuma sahani pembeni. Nikachukua drap ya kitanda, nikaitundika pa mulango wa chumba, haut-parleur zote mbili nyuma yake. «Kaa pale. Nitapiga disque moja mara mbili. Utasema: moja, ao mbili.» Juu asiseme nimemupunja, nikapunguza sauti ya yangu mpaka zikafanana, kitu sikufanyaka hata siku moja.

Nikapiga moja. Nikapiga mbili. Bibi alikuwa anachagula maharagi. Kwa mbili mikono yake ikasimama.

«Mbili,» akasema. «Iyo njo ya Célestin. Sikia vile inasema na heshima, sawa mwenyewe.»

Mbili ilikuwa yangu.

Ningeruka juu! Lakini ile «sawa mwenyewe» iliniingia mu mifupa. Nikatoa nyuzi mbio mbele aje kuona, nikamuacha aamini ni ya Célestin. Akauliza: «Na weye, haukusikia?» Nikajibu: «Nimesikia.» Ni kweli. Nilisikia kidole ya mupiga gitaa kinateleza ku waya, mu sanduku nilijenga mwenyewe, na hata mimi nilikuwa sijaisikiaka.

Tangu pale nafanya hesabu. Kama sauti haikuwa ya Célestin, zile dimanche zote alikuwa anasikiliza nini? Bibi ya Célestin alikuwa pale, majirani pale, mulango wazi. Natafuta kosa, siipate. Lakini jana, bibi akiwa ku soko, nilisimama mbele ya ile kasanduku na musumari mu mukono. Tundu moja tu mu karatasi yake ya ndani, Célestin angepokea kitu ya kukoroma. Nikawaza ile tente, nikarudisha musumari mu kopo. Kesho sijui.

Nikimufunulia ukweli, atajua nilimudanganya, tena atajua sauti alibebea kiti kwa jirani ilikuwa mu nyumba yake, na mimi njo nilikuwa naiua na makelele. Nikinyamaza, kasanduku itapanda treni na bibi ataililia mbele yangu.

Ninyi banamuke, zaidi ninyi, munijibu mbele ya ile samedi, musinionee huruma: bibi akisema sauti ya mwanaume fulani iko na heshima, ni sauti anapenda, ao ni mwanaume?