Kimbelembele cha Simu ya Bibi Mkasi

Bibi Mkasi macho yalikuwa yamemgomea. Si kwamba alikuwa haoni kabisa: mtu akiingia mlangoni alimjua, na koti lililokaa vibaya aliliona hata likiwa ng'ambo ya barabara, akalisonya. Vilivyomshinda ni vitu vidogo vya karibu: tundu la sindano, mistari ya futi, na mwandiko wake mwenyewe katika daftari la vipimo. Miwani alishabadilisha mara tatu. Daktari wa macho akamwambia kwa upole kwamba tatizo halikuwa miwani. Bibi Mkasi akamshukuru, akachukua mkoba wake, na habari ile hakumwambia mtu.

Alikuwa na sababu. Binti yake alikuwa nesi, na kwa kutoa amri angeweza kuongoza kikosi. Alishasema zaidi ya mara moja: "Mama, siku macho yakigoma, cherehani tunaiuza, unakuja kupumzika kwangu." Kupumzika! Bibi Mkasi aliwahi kupumzika huko wiki mbili, akaishia kushona mapazia ya nyumba nzima na foronya za jirani. Miaka arobaini na moja alikuwa ameketi kwenye cherehani ile ile, katika chumba kile kile chenye meza moja, pasi moja na pazia la kubadilishia nguo. Kumtoa pale ni kumtoa roho.

Sasa tazama mambo ya dunia: aliyemletea mwokozi ni binti huyo huyo. Alimletea simu mpya, akamwonyesha pa kubonyeza.

"Hii ina akili bandia, Mama. Unaiuliza kitu inakujibu. Ukiipiga picha karatasi, inakusomea."

"Bandia kama meno ya mjomba wako?"

"Mama, jifunze tu."

Akajifunza, na kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe. Ukurasa wa daftari ukipigwa picha, simu ilimsomea sikioni: kifua, kiuno, mikono. Alipochanganyikiwa kati ya uzi mweusi na wa bluu iliyokolea, ilimwambia upi ni upi. Hata wateja wasumbufu iliwaandikia majibu ya adabu, wao waliozoea kujibiwa na Bibi Mkasi kwa neno moja, na si neno la kuandikwa hapa. Wateja wapya aliwaambia walete nguo inayowakaa vizuri aifuatishe, na hivyo futi likabaki kuning'inia shingoni kama pambo. Kazi zikatoka kwa wakati, sifa zikaongezeka. Bibi mzima akawa anaimba peke yake akipiga pasi.

Ila mazoea yana taabu. Zamani, kabla mkasi haujagusa kitambaa, mkono wa Bibi Mkasi ulikuwa umeshamkumbuka mtu: huyu ana bega lililoshuka, yule hataki kubanwa tumbo. Siku hizi mkono ulikuwa unasubiri kuambiwa.

Ndipo akaja Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu nusu ya mji. Alikuwa na mwendo wa kujivuta kidogo, wa madaha, ambao watu walidhani ni maringo. Vizazi vya wanafunzi vilimwigiza nyuma yake kwenye korido. Bibi Mkasi peke yake ndiye aliyejua kwamba hayakuwa maringo. Mguu wa kulia wa Mwalimu ni mfupi kuliko wa kushoto, tangu alipougua utotoni, na suruali zake zote zilikatwa kila mguu kwa kipimo chake. Mara ya kwanza alipompima, Mwalimu alitazama dari mpaka futi likaondoka. Hakuuliza kipimo, na fundi hakukitaja. Tangu hapo ilikuwa ni kufungua daftari tu.

Safari hii alitaka suti ya kijivu. Shule yake ya zamani ingempa nishani siku ya Jumamosi, jukwaani, mbele ya wanafunzi wake wa miaka yote.

"Unajua ukumbi ule, fundi," alisema. "Anayekaa viti vya mbele, macho yake yanakuwa sawasawa na pindo langu."

"Mwalimu, niachie mimi."

Alhamisi asubuhi akaja kujaribu. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya kioo. Kwa mguu wa kulia suruali ilikuwa imetulia juu ya kiatu. Kwa mguu wa kushoto, pindo lilikuwa limepanda na soksi inachungulia.

Mwalimu akajitazama kiooni. Uso ukamshuka, akajiinua kwa vidole vya mguu wa kulia, kama alivyozoea kufanya akitazamwa.

Bibi Mkasi akaitwaa simu. Akakimbilia pembeni, akaufungua ule usomaji wa wiki iliyopita, akaiweka simu sikioni. "Urefu wa miguu yote miwili, thelathini na saba na nusu," ikasema. Pale ndipo alipokomea siku ile, akashika mkasi. Leo akaiacha iendelee. "Angalizo: daftari lina vipimo viwili tofauti vya miguu. Huenda ni kosa la mwandishi, hivyo nimevisawazisha."

Nani amekutuma! Miguu ya mtu unaisawazisha wewe kama nani? Alitaka kuitupa barabarani. Lakini alijua vizuri kwamba simu ilisema, na asiyesikiliza ni yeye. Na zaidi ya hapo, mguu ule aliushonea miaka thelathini. Kwa nini alihitaji kuambiwa?

Angeweza kusingizia kitambaa kimejivuta. Uongo huo ulishafika mdomoni. Akamtazama mzee wa watu amesimamia vidole, akaumeza.

"Mwalimu, kosa ni langu. Daftari silioni tena, nasomewa na simu. Imekusawazisha miguu."

"Huoni tangu lini?"

"Miezi minane. Pindo nimeliachia nafasi, nguo itapona. Lakini kipimo chako sikiamini tena kikisomwa na hii." Akamnyooshea daftari. "Nisomee wewe."

Mwalimu alilitazama kama limewaka moto. Kisha akaketi, akavaa miwani, akafunua mpaka ukurasa wake.

"Kiuno, thelathini na sita. Mguu wa kushoto, thelathini na tisa." Akausogeza ukurasa karibu na miwani. "Wa kulia, thelathini na saba na nusu."

Akarudia kusoma, kimya kimya.

"Inchi moja na nusu?" aliuliza. "Basi?"

"Ndiyo hiyo hiyo, tangu siku ya kwanza."

"Fundi, mimi nilidhani ni shubiri nzima!" Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka mbali, mpaka miwani ikaloa akaivua. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita, na hesabu hii moja nimeikimbia maisha yangu yote. Inchi moja na nusu!"

Bibi Mkasi naye akacheka, machozi yakimtoka. Mwalimu akamtungia uzi. Wakafumua pindo, na kila kipimo Mwalimu akakisoma mwenyewe kwa sauti ya darasani, fundi akishona kwa kupapasa.

"Na wewe," Mwalimu akauliza, "hayo macho yamepungua kwa kiasi gani?"

"Sijui."

"Daktari hakukwambia?"

"Alikuwa anataka kusema. Nikaondoka."

Mwalimu akalifunga daftari, akamrudishia.  Bibi Mkasi akatia fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno, akaichukua simu na kuiamuru impigie binti yake.

"Mama? Kuna nini asubuhi hii?"

"Macho yangu mabovu, mwanangu. Nilikuficha. Kesho nipeleke kwa daktari, nikamsikilize mpaka mwisho."



"Nitakuja saa mbili," binti akasema, sauti yake ya amri imelegea. "Na cherehani, Mama?"

"Tutazungumza tukitoka huko," akajibu Bibi Mkasi, akaanza kuipiga pasi suruali ya Mwalimu, mguu mmoja baada ya mwingine.