Michembe Ndani ya Oveni

Mimi siwashi oveni kabla ya kuifungua. Nainama, nachungulia mpaka kona za nyuma, napitisha mkono juu ya trei, ndipo nachukua kiberiti. Watu hunicheka. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniuliza kama natafuta nyoka. Nikamwambia acheke atakavyo, ila akifika kwake naye akafungue ya kwake, maana najua kilichomo: masufuria, mifuniko, kikapu cha vitunguu, pengine na magazeti ya kuwashia mkaa. Hapa Bariadi wengi wetu tunaitumia oveni siku za sikukuu na ubatizo tu, na siku nyingine zote ni kabati. Kabati zuri, lina mlango wa kioo. Ubaya wake ni kwamba lina moto chini.

Jiko letu mume wangu alilinunua msimu mmoja pamba ilipotuendea vizuri. Fundi aliyekuja kulifunga alikuwa mtu wa maneno mengi, nami nilikuwa na haraka ya kulifuta vumbi na kuliangalia. Alisema, "Mama, moto ukizuka humo ndani, usifungue mlango, wala usimwage maji. Funga gesi, acha ufe wenyewe kwa kukosa hewa." Nilimsikiliza kwa sikio moja. Sijui aliko leo, lakini namshukuru, kwa sababu sikio lile moja lilitosha kuokoa nyumba yetu.

Kuhusu mama mkwe wangu, yeye alikuja kwetu kwa sababu ya moto. Tangu baba mkwe alipofariki alikuwa akiishi peke yake, nje kidogo ya Dutwa, na macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Bado alijipikia mwenyewe kwenye mafiga, kwa kuni, kwa kukisia. Siku moja pindo la kitenge chake liliingia motoni naye asilione. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli aliitupa chini, akamkimbilia na kumvingirisha mchangani. Alipona, ila mguu wa kushoto uliungua kuanzia kifundo mpaka karibu na goti. Mume wangu aliuona mguu ule. Alifunga nyumba, akawakabidhi majirani kuku, akaja na mama yake mjini.

Mama alikubali kwa sharti. "Nitajaribu," alisema. "Nikiona nimekuwa mzigo, nitarudi." Nasi tulijua kurudi kuna maana gani: mafiga yale yale, macho yale yale, na safari hii huenda pasiwe na mpita njia. Asubuhi nilikuwa nikipiga goti mbele yake na kusema, "Mwangaluka, mayu," naye ananijibu, "Mwangaluka, mayu," maana kwa Wasukuma mama mkwe na mke wa mwanawe huitana mama bila shida yoyote. Nikiinuka pale nilikuwa nashusha pumzi. Najisemea, leo bado yupo.

Hakuwa mtu wa kukaa bure. Alifagia uwanja, alichambua mboga kwa vidole kuliko kwa macho, na viazi vitamu vilipojaa sokoni alitaka aletewe kwa gunia. Alivikata vipande vyembamba akavianika juani, vikawa michembe, kama Wasukuma wanavyofanya ili kiazi kiwavushe kiangazi. Mingine tulikula. Mingine sikujua inakwenda wapi, nikadhani anawatumia ndugu zake kwa basi.

Ikafika Jumapili ya komunyo ya kwanza ya binti yetu. Mume wangu alikuwa amekwenda Kalemela, ziwani, siku iliyotangulia, akarudi na sato wakubwa, wanene, wa kujivunia. Nilipania kuwaokea wageni, na nisiseme uongo, nilipania pia kuonekana. Misa ilipokwisha niliwaacha watu kwenye picha, nikawahi nyumbani na mama mkwe. Nikawasha oveni ipate joto, nikageukia samaki wangu na limau na kitunguu saumu.

Kwanza ilikuja harufu ya plastiki. Nikafikiri jirani anachoma taka, nikamlaumu kimoyomoyo, siku takatifu kama hii. Kisha nikaona moshi mweusi unatoka pembezoni mwa mlango wa oveni yangu. Nikafanya kile kile fundi alichonikataza, nikafungua. Ulimi wa moto ukanijia usoni, ukala nyusi zote mbili. Nikaupiga mlango kwa goti ukajifunga, na hapo maneno ya yule fundi yakanirudia yote kwa pamoja. Nikakimbilia mtungi wa gesi, nikaufunga. Mume wangu, aliyekuwa ndiyo anafika na wageni, akaingia na ndoo ya maji imejaa mpaka ukingoni. Nilimfokea arudishe maji yale nje, kwa sauti ambayo mke hapaswi kuitumia mbele ya mama mkwe. Akarudi kinyumenyume. Mpaka leo hajanisamehe, anasema nilimuaibisha mbele ya padri.

Tukasimama, tunautazama moto kupitia kioo. Ulikuwa mkubwa, ukawa mdogo, ukawa kimstari cha bluu, ukazimika. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni, na mimi nikadhani ni mshtuko tu.

Namshukuru Mungu kwa majirani wa mtaa wetu. Hakuna aliyewaita. Kabla moshi haujaisha ndani, majiko ya mkaa yalikuwa yameshapangwa uani, mafuta yanachemka, na sato wangu wa kuonekana wakakaangwa kama sato wengine wote. Wageni walikula, wakasifu, wakafungiwa na vipande vya kubeba. Binti yetu alicheza na gauni lake jeupe lililoingia masizi, akafurahi kuliko sote.

Wageni walipoanza kuondoka na mume wangu akawasindikiza stendi, niliifungua ile oveni. Mlikuwa na salfeti, gunia la plastiki, iliyoyeyuka na kugandia sakafuni, na juu yake vipande vyeusi ambavyo hata kipofu angevijua kwa harufu. Ilikuwa michembe, mingi. Nikapiga magoti na mwiko wa mbao nikaanza kubandua. Plastiki ikishapoa inakatika vipande, ukiilazimisha kwa kisu unaharibu jiko. Yaliyobaki niliyapaka magadi yaliyokorogwa na maji ya limau, nikayaacha yalale kidogo ndipo nisugue. Kichwa changu kilikuwa ndani ya oveni niliposikia mama anakohoa nyuma yangu.

Alikuwa amevaa gauni lake la safari. Mkoba ulikuwa mkononi.

"Mayu," alisema, "mwambie mwanangu anitafutie basi la Dutwa kesho asubuhi."

"Kwa nini, mayu?"

"Moto umenifuata. Nimeuacha kule, umenikuta huku. Siwezi kuungoja uwapate watoto wenu."

Wazee wa kwao huyaamini mambo haya, wala hakuwa akitania. Nikamwambia moto haumfuati mtu, unafuata mafuta na plastiki, na salfeti ile hata ingewekwa na padri ingewaka vilevile. Hakutabasamu. Nikamuuliza kwa nini aliiweka humo.

"Panya hawaingii. Unyevu hauingii. Niliona ni kihenge cha chuma," alisema. Kihenge ni ghala lao la nafaka, lile la kusukwa linalosimama uani, na kwa kweli ukimwelezea mtu sifa za kihenge kizuri, umemwelezea oveni yangu. "Na tangu nimekuja sijakuona ukiiwasha hata siku moja."

Hapo alinishika. "Basi ungenipa niiweke jikoni, tungeila."

"Haikuwa ya kula hapa."

"Ya nani?"

Alitazama chini, akahamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Yangu. Ya siku mtakayosema, mama, sasa inatosha. Nyumba iliyofungwa haina chakula ndani. Nilitaka niwe na cha kunifikisha mpaka mvua."

"Nani amesema tutakuchoka?"

"Hakuna. Lakini nikingoja mtu aseme, nitapata wapi muda wa kuanika?"

Nilikasirika. Nilikasirika kwa kila bakuli nililompakulia, kwa kila dawa niliyomtia machoni, kwamba muda wote ule alikuwa akila huku akijifungasha. Kisha hasira ikaniishia nikaanza kulia, nikajifuta kwa mkono wenye magadi, nikalia zaidi kwa sababu magadi yanawasha. Nikiwa bado sakafuni nikamwambia, "Mayu, mimi kila asubuhi naogopa nitakuta umeondoka. Wewe kila siku unaogopa utaondolewa. Tumekaa nyumba moja tukisukuma mlango mmoja, kila mtu upande wake. Ukienda Dutwa nitakuja nikupikie kule kule. Mwanao atabaki na oveni yake."

Alicheka kidogo, kwa puani. Hakusema ndiyo wala hapana. Alichukua mkoba wake akarudi nao chumbani, nami nikamaliza kusugua peke yangu. Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, akaketi kwenye kochi, akashindwa hata kuvua viatu.

Asubuhi nilitoka mapema nikiogopa kumkuta kibarazani na gauni lake la safari. Nilimkuta uani. Mume wangu amechuchumaa anampulizia mkaa, na mama ameketi mbali na jiko, kwenye kigoda, anaosha michembe ndani ya beseni. Kumbe salfeti iliyoungua haikuwa peke yake. Kulikuwa na nyingine uvunguni mwa kitanda chake na nyingine nyuma ya kabati la nguo. Zote alikuwa amezitoa, zimekunjwa pembeni, tupu.

Nikapiga goti. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mayu. Lete lile sufuria la sherehe. Na karanga za kusaga."

"Mayu, hii ni mingi. Nusu itatutosha, nyingine tuiweke."

"Tuiweke ya nini?" aliniuliza. "Waite wale waliotuletea majiko."

Nikawaita. Walikuja na bakuli zao na watoto wao, wakajaa uani. Michembe ilipikwa yote na karanga, ikaiva laini, tamu, na mama alikuwa akiagiza kila mtu aongezewe kabla hajaomba. Mimi nilikula mpaka nikashindwa kuinuka, kwa sababu kila kijiko nilijua kilikuwa cha nini. Hiki kilikuwa cha Jumanne yake akiwa peke yake. Hiki cha wiki ya kiu, kabla ya mvua. Kufika mchana tulikuwa tumeila safari yake yote ya kurudi Dutwa, na ukoko wa chini aliukwangua mwenyewe, akaula.